Kichupa Kimegeuka Njano

Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Binti alitupa mkoba sakafuni, akafunga koki ya gesi, akachomeka pampu ya hewa aliyoikuta imechomolewa, kisha akaanza kubadilisha maji kwa ndoo, taratibu. Watatu walikuwa wameshalala ubavu, hao hawakuamka tena.

Tangi lilikuwa la kliniki ya meno, kwenye chumba cha kusubiri, ili mgonjwa atulize roho kabla ya kung'olewa. Binti alikuwa mpokeaji wa wagonjwa, na tangi lile alilitunza kama mtoto. Mchana taa zikiwaka, gesi ya kaboni inaingia kidogo kidogo, mimea inaila na kuwapa samaki oksijeni. Taa zikizimika mimea inageuka, inavuta oksijeni ileile ya samaki. Hapo gesi lazima ifungwe na pampu ya hewa iamke. Kazi hiyo ilifanywa na kiswichi cha saa. Leo alikikuta kwenye droo, na waya wa koki ya gesi umechomekwa moja kwa moja ukutani, gesi ikaingia usiku kucha.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Jana mchumba wake, muuza vifaa vya matangi anayejiita Mtaalamu, aliomba abaki apige picha za tangazo. Binti akatoka saa tisa alasiri kwenda kujaribu gauni. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Akampigia.

"Aah, nilipitiwa mpenzi," Mtaalamu alisema. "Nilitaka mimea itoe mapovu, picha ivutie. Sasa sikia. Mwambie daktari ni wewe uliyesahau. Wewe ni wa pale pale, watakusamehe. Mimi mkataba wangu na kliniki utakwenda."

"Na kazi yangu ikienda je?"

"Si utakuwa na mume?"

Binti akakata simu. Akampigia mama yake, akamweleza yote huku ndoo iko mkononi. Mama alihema kwanza, akakumbusha kadi zimeshagawiwa na mashangazi wameshashona sare.

"Kubali tu, mwanangu. Mimi nimembebea baba yako mangapi, na mbona nimefika?"

"Umefika wapi, mama?"

Mama akasema atapiga baadaye, akakata. 

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia, na nyuma yake Mtaalamu, ananukia marashi, sura ya msiba. Alishaanza kusema tangu nje: mwenzake ana mambo mengi ya harusi kichwani, amesahau gesi, naye alimwonya mara ngapi.

"Ni kweli?" daktari akauliza.

Binti alifuta mikono kwenye sketi.

"Daktari, una namba yake. Fungua status yake ya jana."

Picha ilikuwapo. Mimea imejaa mapovu kama shanga, na maneno chini yake: Kazi ya Mtaalamu. Saa kumi na dakika arobaini jioni.

"Tazama kichupa hicho cha kioo pembeni, ndicho kipimo cha gesi," binti akasema. "Kikiwa bluu gesi ni kidogo. Kijani ni sawasawa. Njano, samaki wanakabwa. Miaka miwili mkononi mwangu hakijawahi kuwa njano kama hapo. Na kiswichi changu hicho hapo, kimelazwa juu ya mfuniko, kabla hakijatupwa kwenye droo. Saa hiyo mimi nilikuwa kwa fundi cherehani, nimejaa pini mgongoni. Mpigie umuulize."

Daktari alikuza picha kwa vidole viwili. Hakupiga simu kwa yeyote. Alimwambia Mtaalamu akusanye vifaa vyake, asirudi.

"Yaani kwa samaki watatu unaniaibisha?" Mtaalamu akamgeukia binti. "Na Jumamosi je?"

"Hujanioa bado, umeshanitafutia kosa la kubeba. Ukinioa utanitafutia jela. Jumamosi nenda mwenyewe, ukapige picha."

Mabinti mnaosoma hapa, nawasihi kama mama. Mwanamume anayekuomba umbebee kosa dogo kabla ya harusi anapima mgongo wako, aone utabeba kiasi gani. Msimpe mgongo.

Mtaalamu alipotoka na boksi lake, simu ililia tena. Mama.

"Sasa watu nitawaambia nini?"

Binti aliangalia tangi. Samaki walikuwa wanashuka mmoja mmoja, wanarudi kwenye mimea. Kichupa bado kilikuwa njano. Huwa kinachelewa kugeuka, lakini hugeuka.

"Waambie bibi harusi yuko kazini, anabadilisha maji."

Kwenye simu binti akasikia ndoo ikigonga sakafu.

"Una ndoo za kutosha," mama akauliza, "au nikuletee?"