Magogo ya Njia ya Maporomoko

Kila Jumatano akitoka shuleni, na kila Jumamosi akimaliza kufagia uwanja, Elinipendo alifunga kanga kiunoni, akachukua kamba na kupanda msituni kuokota kuni. Siku hizo mbili ndizo walizoruhusiwa wanawake na watoto wa kijiji chao, kule juu ambako migomba inaishia na msitu unaanzia. Panga lilikuwa marufuku. Unaokota mti uliokufa na kuanguka wenyewe, unajitwika, unashuka nyumbani.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mzee Aminieli, ambaye kijiji kizima kilimwita Bwana Misitu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, na begani alibeba jembe badala ya bunduki. Aliutunza msitu wote, lakini roho yake ilikuwa kwenye njia ya maporomoko, ile inayopanda kwenye miti mikubwa, ikavuka kijito na kutokea kijiji cha pili. Ilikuwa njia ya kila mtu. Kina mama walipita na ndoo za maziwa, wanafunzi walipita na madaftari, na tangu bei ya kahawa ilipoanguka, vijana walipita wakiongoza wageni wenye kamera shingoni. Mkewe, Magdalena, aliyeuza ndizi Himo, aliwachekesha wateja wake akisema, "Mwenzenu nina mke mwenza! Mvua ikinyesha tu, mzee anaamkia kwa njia yake, hata chai hanywi."

Novemba ile, nyumbani kwa kina Elinipendo hapakukalika. Kaka yake, Elisaria, alikuwa anapata kipaimara. Nguo zilishanunuliwa kwenye mitumba ya Kiboriloni, mbuzi alishafungwa nyuma ya nyumba, na shangazi wawili walishahamia na mabegi yao. Kilichobaki ni mbege, pombe ya ndizi ya kuwapa wageni. Na ndizi za mbege huchemka kutwa nzima.

"Usiniletee vijiti vya kuwashia jiko," mama alimwonya. "Nataka kuni nene, za kukaa motoni. Nikiaibika mbele ya wageni, nitajua ni wewe."

Kuni nene zilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kupanda. Elinipendo alifika kwenye mteremko mkali wa njia ya maporomoko akihema, akaketi kupumzika. Hapo ndipo alipoyaona vizuri. Magogo makavu, manene kama paja lake, yalikuwa yamelazwa mshazari kukatisha njia, moja hapa, jingine hatua kumi juu yake, jingine tena juu zaidi. Kila gogo lilishikwa na vigingi viwili.

Alikuwa akiyaruka kila siku bila kujiuliza yanafanya nini pale. "Si yamelala chini?" alijisemea. "Na si yamekauka?" Vile vigingi vilimwambia wazi kwamba kuna mtu aliyeyaweka. Elinipendo akaangalia juu, akaangalia chini, akaving'oa.

Siku hiyo alilifunga gogo moja kamba na kuliburuta mpaka nyumbani. Jumamosi alileta la pili, na Jumatano iliyofuata akaleta la tatu.

"Ruwa, Mungu wangu!" mama alishangaa. "Umeyapata wapi magogo mazuri hivi?"

"Yalikuwa yameanguka tu, mama."

"Una jicho, mwanangu. Wenzako wanaleta fito."

Sifa ile ilikuwa tamu. Ndizi zikachemka kutwa, magogo yakawa majivu, na jambo likaonekana limekwisha.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Kumbe yale magogo ndiyo yaliyokuwa yakiyageuza maji na kuyatupa pembeni, kwenye majani. Sasa maji hayakuwa na wa kuyazuia. Yalishuka katikati ya njia kama yamefungiwa mfereji, yakabeba udongo, yakaacha handaki la kumfika mtu magotini. Asubuhi ya siku ya nne, Mama Kornelia, muuza maziwa, alitumbukia humo na ndoo yake, mkono ukavunjika.

Siku ya sherehe alikuja mkono ukiwa umefungwa kwa kanga shingoni, na ulimi ukiwa mzima kabisa.

"Mimi nilikwenda chini hivi, jamani, na maziwa yakanifuata!" aliwasimulia wageni waliojaa uwanjani. "Lita kumi! Nikalala pale mweupe kama mzungu."

Watu wakacheka. Elinipendo alikuwa akipita na kata ya mbege, akiwagawia wazee. Aliposikia habari ya mteremko ule, aliisahau kata mkononi, mbege ikamwagika kwenye kiatu cha mjomba.

"Lakini magogo ya pale yalikwenda wapi?" aliuliza mjomba akipangusa kiatu.

"Yauliziwe wapi zaidi ya kwa mwenyewe?" alijibu Mama Kornelia. "Bwana Misitu kayauza. Huu msimu wa vipaimara, gogo kavu linatafutwa kama dawa."

"Mimi nimesikia yalishushwa na pikapu," akaongeza mwingine.

"Pikapu nyeupe," akasema wa tatu, ambaye hakuwa ameona pikapu yoyote.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndelilio, akatoa karatasi kwenye koti. Ilikuwa barua ya kwenda wilayani, kuomba Bwana Misitu aondolewe kazini kwa kuuza mali ya umma na kusababisha ajali. Keshokutwa, Jumatatu, angeipeleka. Barua ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono, nyuma ya kata ileile ya mbege, na kila aliyekunywa akatia sahihi.

Elinipendo aliitazama ikija. Alimkumbuka Bwana Misitu alivyokuwa akiwaita "wenye njia" wakati wakienda shule, na alivyowavusha kijito mmojammoja maji yakijaa. Kisha akamtazama mama yake, aliyevaa kitenge kipya na kupokea pongezi kila upande. Akisema, mama ataaibika mbele ya ukoo mzima. Asiposema, nani atajua? Magogo yenyewe ni majivu.

Baba yake akapewa kalamu.

"Baba, usiandike!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Magogo niliyachukua mimi. Ndiyo yaliyopikia hii mbege."

Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa akaishusha kata taratibu, akaitazama kana kwamba imemuuma.

"Uliniambia yameanguka," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Niling'oa vigingi, mama. Nilijua yamewekwa. Nilikudanganya."

Mama akajifunika uso kwa upande wa kitenge. Baba akaiweka kalamu juu ya meza. Hakugomba. Alikwenda mpakani mwa shamba, akakata jani la isale, akampa binti yake. Uchagani, mtu akikujia na isale mkononi amekuja kuomba msamaha, na humfukuzi.

"Twende," alisema.

Walimkuta Bwana Misitu kwenye mteremko uleule. Alikuwa amealikwa kwenye sherehe, na shati jeupe alikuwa amelivaa, lakini suruali ilikuwa na tope hadi magotini. Alikuwa akijaza mawe handakini peke yake. Nyuma ya Elinipendo na baba yake ilifuata nusu ya sherehe, maana nani angekubali kusimuliwa?

"Shikamoo, Bwana Misitu."

"Marahaba, mwenye njia. Mbona umelia?"

Elinipendo alipiga magoti kwenye tope, akamnyooshea isale kwa mikono miwili, akasema yote, vigingi, uongo na barua. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Aliposikia kuhusu barua aliinua macho na kuwatazama watu, na wengi wakaanza kukagua viatu vyao.

"Miaka ishirini na mbili," alisema. "Hata mmoja wenu hakuja kuniuliza?"

Mwenyekiti Ndelilio akakohoa. Akaitoa ile barua, akaichana vipandevipande. "Mbe Aminieli, mzee wetu, tumekukosea. Mimi wa kwanza."

"Na mimi, na mkono wangu mbovu," alisema Mama Kornelia. "Hiyo pikapu sijui ilitoka wapi, jamani."

Bwana Misitu akacheka kidogo, akapokea isale.

Jumamosi iliyofuata ulipigwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe moja, na nyumba ya kina Elinipendo ilitoa wanne. Walijaza handaki, wakaburuta magogo mapya ambayo Bwana Misitu aliwachagulia kwenye miti iliyoangushwa na upepo. Alimfundisha Elinipendo kulilaza gogo mshazari na kupigilia kigingi. Mama yake, aliyekuwa akisomba mawe, alisimama kando yao.

"Bado umenikasirikia, mama?"

"Kwa kuni, hapana. Kwa uongo, kidogo." Akamfuta tope shavuni. "Ningeaibika zaidi kama ungenyamaza."

Manyunyu yakaanza. Maji membamba yalishuka njiani, yakagonga gogo, yakageuka na kuingia majanini. Watu wakashangilia kama timu yao imefunga goli.

"Sikiliza, binti," alisema Bwana Misitu. "Kitu cha wote ni rahisi kukichukua, kwa sababu hakuna anayekilinda mlangoni. Kwa hiyo kabla hujakigusa, uliza kinamfanyia nani kazi. Na ukikosea, sema mapema, mwenzako asije akabeba kosa lako. Wewe ulichelewa, lakini ulisema mbele ya watu wote. Wakubwa hapa tumejifunza hilo kwako." Akampa nyundo. "Haya, kigingi cha pili. Piga kwa nguvu, kesho wanapita watu."