Salamu ya Mlango wa Kati

Mlango wa kati ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na hakuna mtu aliyelipa.

Koulsoum alikuwa na hakika. Mahajanga, mji wa pwani ya Madagaska, haina garimoshi, lakini ina kituo cha taksibrusi, zile gari za safari za mbali, na vyoo vya kituo hicho yeye ndiye aliyekuwa sultani wake tangu mwaka uliofuata kimbunga kimoja kikubwa. Abiria hulipa kwanza mezani, kisha huulizwa: maji au karatasi? Waislamu huchukua kopo la maji, wengine karatasi. Hakuna aliyempita Koulsoum bure, awe dereva, awe askari, awe bwana harusi aliyebanwa.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, kituo kimelala. Akaugonga mlango kwa hasira.

"Wewe uliyemo! Hapa si kwa mama yako. Toka ulipe!"

"Asalaam aleikum," sauti ya mwanamke ikajibu, taratibu.

"Waaleikum salaam," Koulsoum akaitikia.

Maneno yalimponyoka kwa mazoea. Kisha mwili ukamsisimka. Mwislamu gani hutoa salamu akiwa chooni? Hata mtoto mdogo hufundishwa kufunga mdomo humo, kwa kuwa si binadamu peke yao wanaoingia.

"Ahsante kwa amani uliyonipa," sauti ikasema. "Leo sina kitu. Nitakulipa nyumbani."

Ilisema Kiswahili, kile cha kale, alichokisikia mara ya mwisho kwa bibi yake huko kisiwani Nosy Be siku za maulidi. Mjini hapa watu wanaongea Kimalagasi, na nyumbani kwake ni Kikomoro. Komeo likafunguka lenyewe. Ndani hamkuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu, na badala ya mkojo na dawa kulinuka maua ya langilangi, harufu nzito ya kutapisha.

Koulsoum hakumwambia mtu. Nyumbani, mtaa wa Mahabibo, alikuwa na Laïla, binti yake wa pekee, aliyevuka kutoka Nosy Be kuja kujifungulia kwa mama yake kama desturi ilivyo. Mimba za kwanza zote zilikuwa zimeharibika. Hii ilikuwa imefika mwezi wa nane, na Koulsoum aliitunza kama yai. Habari za majini angeanzaje kumwambia?

Lakini kabla ya magharibi Laïla aliingia kutoka uani, ameshika tumbo.

"Mama, una mgeni?" akanong'ona.

"Mgeni gani?"

"Kuna mwanamke chooni kwetu, anaimba. Nimemuuliza ni nani, akasema kaja kulipa."

"Amekusalimu? Umemwitikia?"

"Hajanisalimu. Mama, kuna nini?"

Ikabidi amweleze yote. Wakajifungia chumbani, wakasukuma sanduku la nguo mlangoni, wakashikana mikono wakiisikiliza ile sauti ikihama kutoka chooni hadi kwenye pipa la maji, kutoka kwenye pipa hadi dirishani, ikiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, na langilangi ikipenya chini ya mlango, ikipanda kitandani, ikitanda juu ya tumbo la Laïla, ambamo mtoto aliyekuwa akirukaruka tangu alfajiri alikuwa sasa ametulia tuli.

Kulipopambazuka wakaenda kwa Fundi Mohamadi, mzee aliyewasomea Kurani wagonjwa wa mtaa mzima. Aliwasikiliza, uso ukimbadilika.

"Koulsoum, mwanangu, umempa amani kwa kinywa chako," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi siwezi kumpiga aliyepewa amani. Twende pale pale, saa ile ile, na Laïla awepo, maana amekwisha kumfuata. Nikisoma, atasalimu mara ya mwisho. Asipoitikiwa, ataondoka. Akiitikiwa na yeyote wa damu yako, atakaa kwa huyo."

"Akae mpaka lini, Fundi?" Laïla akauliza.

Fundi Mohamadi akatafuta viatu vyake.

Saa sita vyoo vilifungwa, abiria wakinung'unika kule nje. Mama na mwana wakajifunga leso midomoni, fundo kisogoni. Fundi akaanza kusoma. Mlango wa kati ukatikisika, komeo likagonga na kugonga, langilangi ikajaa mpaka machozi yakawachuruzika, na ile sauti, ambayo sasa ilikuwa kavu na yenye kuomba, ikasema, "Asalaam aleikum, watu wa nyumba."

Koulsoum aliing'ata leso hadi akaonja damu. Laïla alitikisa kichwa huku na huku, machozi yakimtiririka, lakini hakutoa neno. Wakangoja. Mlango ukatulia. Harufu ikaanza kufifia, na Koulsoum akaona furaha ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, akamkumbatia mwanawe, kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya tumbo lake.

Ndipo aliposikia, chini ya viganja vyake, ndani ya tumbo la Laïla, sauti nyembamba ya kitoto.

"Waaleikum salaam."