Ubaba wa Siku ya Arobaini

Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, Jumanne ya tarehe 12 Mei 2093, ukuta wa nasaba wa Ghala la Siha mjini Dodoma ulijichora upya, kama ulivyofanya kila asubuhi kuonyesha mabadiliko ya usiku, na uzi mmoja wa kijani ukaonekana umepenya duara jekundu. Mhandisi Sechelela Ndahani aliuona kabla hajaweka mkoba chini.

Ukuta huo ulikuwa kioo cha urefu wa mita ishirini. Ndani yake akili unde ilichora koo zote za nchi: kila raia nukta moja, kila undugu uzi mmoja. Nukta ilipata habari zake kutoka kwenye bangili ya siha, mkanda mwembamba wa chuma ambao kila mtu aliuvaa mkononi tangu kuzaliwa. Bangili ilihesabu mapigo ya moyo, ikatunza historia ya magonjwa na kutaja mahali alipo mvaaji. Uzi wa kijani ulimaanisha kwamba mtu amepewa haki ya mzazi kuisoma bangili ya mwenzake. Duara jekundu lilimaanisha kwamba bangili hiyo imefungwa. Vitu hivyo viwili havikupaswa kukutana.

Sechelela aligusa uzi. Upande mmoja palikuwa na Nyamizi Shija, miaka ishirini na tisa, mwalimu, mkazi wa Bahi, hajaolewa. Upande wa pili palikuwa na Kasanda, baba yake mdogo, mtunza kumbukumbu wa Ghala hilohilo, aliyekuwa likizo. Bangili ya Nyamizi ilikuwa imesomwa saa moja na dakika thelathini na tisa.

Kufuli lile alikuwa ameliweka Sechelela mwenyewe.

Siku kumi zilizopita Nyamizi alifika kwenye dirisha namba tatu, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tukusaidie nini?"

"Nataka bangili yangu ifungwe, ndugu yangu mmoja asiione. Baba mdogo. Tatizo lenyewe anafanya kazi humuhumu ndani kwenu."

"Anaitwa nani?"

"Kasanda. Yule mrefu, anayetaniana na kila mtu. Najua hapa mnampenda. Hata sisi tulimpenda, mpaka tulipojua anachomfanyia mama mdogo akirudi nyumbani."

Mama mdogo huyo, Limi, alikuwa mke wa Kasanda. Alikuwa amevunjwa mbavu mara mbili. Mahakama ilikwisha kumzuia mumewe kuisoma bangili yake, na kwa hiyo Kasanda hakuwa na njia ya kujua alikokimbilia. Alikuwa amekimbilia kwa Nyamizi.

"Nyumba nimehama, hajui ninakoishi. Akinipata mimi amempata yeye," alisema Nyamizi. "Kwa hiyo, mama, usije ukaniwekea kikufuli cha banda la kuku. Nifungie kweli."

Sechelela alicheka. "Nakufungia kwa mkono wangu. Hata mimi sitaifungua bila idhini ya mkurugenzi." Kisha akasoma swali lililofuata kwenye fomu. "Baba yako mzazi yupo?"

"Alifariki mwezi uliopita. Tarehe mosi."

"Pole sana, mwanangu."

Aliandika *amefariki*, akaenda kwenye swali lililofuata.

Sasa, mbele ya kioo, alihesabu siku. Kutoka tarehe mosi Aprili hadi tarehe 11 Mei ni siku arobaini kamili.

Kanuni ya arobaini aliiandika yeye, miaka kumi na minane nyuma. Mitambo ya kwanza ya Ghala ilinunuliwa nje, nayo ilitambua baba, mama, mwenza na mtoto, basi. Mwaka 2071 mama mdogo wake Sechelela, aliyemlea tangu akinyonya, alilazwa Mbeya. Mtambo ulikataa kumtajia wodi kwa sababu haukuuona undugu wowote hapo. Alizunguka hospitali siku mbili. Alipoifikia wodi, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Alipopewa kazi ya kuujenga ukuta upya alisimama mbele ya kamati, akasema, "Mitambo yao inadhani baba akifa, mtoto amebaki hana baba. Huku kwetu matanga hayaanuliwi kabla mtoto hajaonyeshwa baba mwingine." Kamati ilipiga makofi. Tangu hapo, siku arobaini baada ya kifo cha baba, ukuta ulimhesabu mdogo wake aliye hai kuwa ndiye baba, ukampa haki zote pasipo mtu kuomba. Kwa hesabu za Ghala, wagonjwa elfu sitini na mbili walikuwa wamefikiwa na ndugu zao kwa njia hiyo.

Kufuli la tarehe 2 lilimzuia Kasanda mfanyakazi. Kasanda baba alipita bila kuulizwa. Habari za kifo na habari za kufuli zilipita mikononi mwa Sechelela siku moja, kwenye fomu moja, na kanuni iliyoziunganisha ilikuwa na jina lake.

Njia pekee ya kumpata Nyamizi ilikuwa kuifungua bangili yake na kuita kupitia humo, maana namba zake nyingine zote alikuwa amezizima, na bila bangili hata polisi wasingejua nyumba ya kwenda. Ufunguo wa mhandisi ungeweza kufanya hivyo papo hapo. Utaratibu ulidai idhini kwanza. Saa mbili na robo Sechelela aliandika ombi kwa mkurugenzi, Bi Mwanaidi, ambaye alikuwa kikaoni. Alisimama na ufunguo mkononi. Hakuutumia. Idhini ilikuja saa mbili na dakika thelathini na nne.

Nyamizi aliitika mara moja. Alikuwa akihema.

"Mama, alikuja."

"Amekuumiza?"

"Mimi mkono tu. Amemchukua mama mdogo. Dakika nane hivi zimepita. Tulikuwa tunakunywa uji, hata bado haujapoa."

"Alisema amekupataje?"

"Alikuwa anacheka. Akasema, 'Mimi ndiye baba yako sasa, mwanangu, hata serikali inajua.' Mama, uliniambia umefunga."

"Nilifunga mlango mmoja," alisema Sechelela. "Wa pili niliutengeneza mimi mwenyewe."

"Lakini nilikwambia baba amekufa."

"Uliniambia."

Saa mbili na dakika arobaini polisi wa Bahi walikuwa na namba ya gari. Dakika tano baadaye Bi Mwanaidi alishuka kutoka kikaoni, akamkuta Sechelela amekaa mbele ya kibodi.

"Mhandisi, nimesoma. Wewe umefuata utaratibu. Mtambo ndio umekosea."

"Mtambo haujakosea, Bi Mwanaidi. Umefanya nilichouandikia."

"Basi hata hivyo. Ungefungua bila idhini yangu, leo ungekuwa huna kazi."

"Najua. Saa mbili na robo nilikuwa najua pia. Ndiyo maana nilisubiri."

Bi Mwanaidi alitazama ukuta, siyo yeye. "Unaifuta hiyo kanuni?"

"Nikiifuta, kuna watoto arobaini na mmoja wamelazwa leo hii, na baba zao wadogo wako njiani kwenda kuwaona. Siifuti. Naongeza swali."

"Swali gani?"

"Kabla uzi haujachorwa, mwenye bangili aulizwe kama anamkubali. Akiwa mtoto, aulizwe mama yake."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Lilikuwa na mistari sita. Alianza kuliandika saa mbili na dakika arobaini na tisa, akalijaribu, likafanya kazi. Saa mbili na dakika hamsini na tatu lilikuwa limekamilika. Alikaa akiitazama ile tofauti ya dakika nne, kisha akafungua ukurasa wa ripoti, akaiandika humo, akaandika na zile dakika kumi na tisa za kusubiri, akatia jina lake chini.

Saa tatu na dakika mbili kamera ya kizuizi cha Manyoni ilirekodi gari la Kasanda likielekea magharibi, na ndani watu wawili. Amri ya kulizuia ilifika kizuizini saa tatu na dakika kumi.