Jibu la Ikupa Ukingoni mwa Ngosi

Asukile alikuwa na pini mdomoni siku Ikupa alipomwingia moyoni, ndiyo maana hakuweza kusema kitu. Ilikuwa siku ya soko, Mbeya imefurika, na barazani mwa duka la Harilal, alikoshonea, hapakuwa na pa kukanyaga. Msichana akapenya, akamsalimu kwanza mzee Anania, baba yake Asukile, aliyekaa kando ya cherehani. "Mugonile, tata," alisema, akimtazama usoni bila wasiwasi. Kisha akaweka kitambaa cha njano mezani.

"Gauni lisinibane, fundi. Mimi mtu wa milima."

Asukile akatema pini. "Nitakushonea uruke makorongo."

"Basi nitaruka, na wewe utanifuata."

Miezi mitatu baadaye akamwomba amuoe. Ikupa akacheka. "Nipeleke ziwani Ngosi kwanza. Jibu nitakupa kule."

Alifanya makusudi. Alijua Asukile analiogopa lile ziwa kuliko simba, kwa kuwa bibi yake alimlea akimwambia kwamba mtu akiitwa kwa jina kule juu, ziwa linasikia na kumchukua. Lakini anayetaka mke atafanyaje?

Wakashuka basi Isongole, wakapanda msituni. Ukungu ulidondoka kwenye majani na njia ilikuwa tope tupu. Ikupa alitangulia, gauni la njano limepandishwa magotini, kitambaa chekundu kichwani.

"Mpenzi, mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Baridi gani ya kutoa jasho?"

Ukingoni Asukile akayaona maji chini kabisa, ya kijani, yametulia mno. Akarudi nyuma hatua mbili. Ikupa alitaka fimbo ya kushukia, Asukile akaenda kumkatia kwenye mianzi. Hakukawia, lakini aliporudi hapakuwa na mtu. Kitambaa chekundu kilining'inia kichakani, na chini yake mawe madogo yalikuwa bado yanaporomoka.

Akafungua mdomo, akaufunga. Akimwita, ziwa litasikia. Na kama ameumia huko chini?

"Ikupa!"

Sauti ikazunguka ziwa lote, ikamrudia. Hakuna aliyeitika. Akaita tena, na mara ya tatu alikuwa analia, ameshika mizizi, anaanza kuteremka.

"Unakwenda wapi wewe?"

Mzee Anania alisimama nyuma yake, anahema, mzigo wa mianzi ya kujengea, aliyokuja kuikata msituni, begani.

"Ziwa limemchukua Ikupa, tata. Ni mimi niliyemleta."

"Limchukue wapi? Nimetokea pale juu, akaniona, akaruka kichakani mwenyewe." Mzee akashusha mzigo. "Sokoni alinitazama macho makavu. Leo ananikimbia. Amekubali kuolewa?"

"Hajanijibu."

"Mwanamke wa kwetu humkimbia mzee gani, mwanangu, kama si baba mkwe wake? Amekujibu, mjinga wewe."

Akageuza mgongo, akabeba mianzi yake na kuondoka akikohoa kwa nguvu, ili mtu fulani asikie kwamba anakwenda.

Kikohozi kilipopotea, kichaka kikatikisika. Ikupa akatokeza chini kidogo, gauni limechanika begani, uso umejaa tope.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Mbona hukuitika? Nilidhani umekufa."

"Ningeitikaje mbele ya mkwe wangu?" alisema akicheka. Kisha akayaona machozi yake, akaacha. "Umeniita mara tatu, Asukile. Wewe, hapa."

Asukile akampa mkono ili amvute. Ulikuwa bado unatetemeka, na safari hii hakusingizia baridi.