Mbegu Nyekundu za Bwana Shamba

Kila asubuhi Ndunge alichota maji, akafagia uwanja, kisha akawasha moto. Mwaka huo wa 1954, hapo Gatuanyaga, mara nyingi moto uliwaka bure. Mama alikuwa amefariki. Baba, Kaleli, alikata katani kwenye shamba la mzungu upande wa Thika, na posho aliyopewa ilikuwa ya mtu mmoja. Wakubwa hawakuhesabu watoto.

Mahindi yalikuwepo, tena mengi, kwa shangazi Ndinda ng'ambo ya mto Athi. Lakini wakubwa wa serikali nao walikataza kuvusha mahindi bila kibali, na kibali hakikupatikana. Baba alijaribu kuvusha debe moja; askari wa darajani wakalichukua. Badala ya chakula, Bwana Shamba, afisa wa kilimo wa serikali, aligawa mbegu za mahindi za rangi nyekundu, katika mfuko wenye karatasi ya Kiingereza. Baba akazificha chini ya kitanda, zingoje mvua.

Siku moja Kimeu, mdogo wake Ndunge, alishindwa kuinuka kwa njaa. Ndunge akazitoa zile mbegu, akaziosha mara tatu mpaka zikawa nyeupe. Maji mekundu akayamwaga nje, mbegu akazipika.

"Leo ni Krismasi?" Kimeu akauliza. "Usiponipa haraka nitakula na sufuria!"

"Ngoja ziive, mlafi wewe."

Mara jirani yao, Syombua, akaingia na kuku aliyekufa mkononi. "Ndunge! Kuku wangu amekunywa nini hapo nje?"

Ndunge aliogopa kuchapwa. Lakini Kimeu alikuwa ameshashika kijiko.

"Maji ya mbegu za Bwana Shamba, mama. Nimezipika."

Syombua akaipiga sufuria teke, ikamwagika yote. Kisha akaenda kwake, akarudi na uji wake wa mwisho.

Jioni Baba alipoambiwa, aliketi chini kama mgonjwa.

"Karatasi ile sikuweza kuisoma," akasema, "nikaona haya kuuliza. Haya yangu ingewaua. Mwanangu, mbegu yenye dawa ya wadudu ni sumu hata ukiiosha mara kumi. Usilolijua, uliza. Ulilolifanya, sema, hata kama utachapwa kiboko. Umesema, ndiyo maana Kimeu anapumua."

Akawafungia nguo zao katika shuka moja.

"Kesho mtakwenda kukaa kwa shangazi. Mahindi yamekatazwa kuvuka. Watoto bado."