Mgongo wa Mkunga

"Shoga, unajuaje kama wanafunzi wako wameelewa?" jirani alimuuliza mkunga siku moja wakianua nguo. Jirani huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa wauguzi.

"Nawauliza. Wanasema ndiyo."

"Na wewe unaridhika?"

"Mwalimu, acha maswali yako! Wajukuu zako wote wamepita mikononi mwangu."

Jirani alicheka, akabeba beseni lake.

Wiki haikuisha. Katika wodi ya wazazi, mama mmoja alijifungua, damu ikawa inamtoka kwa kasi. Mtoto alikuwa amelegea, hapumui. Mikono ya mkunga ilikuwa kwa mama.

"Msaidie mtoto apumue!" alimwambia mwanafunzi. "Kama nilivyowaonyesha jana!"

Mwanafunzi alishika kipira cha hewa chenye barakoa ya mtoto, akaminya. Mabega yake yalipanda na kushuka, sawasawa na ya mkunga akiwa kazini. Lakini kifua cha mtoto kilitulia tuli. Kidevu kilikuwa kimelala kifuani. Barakoa ilikuwa imefunika macho.

Mkunga alipaza sauti kuita msaada. Muuguzi mwenzake alikuja mbio akachukua nafasi yake kwa mama. Mkunga akainua kidevu cha mtoto kidogo, akabana barakoa juu ya mdomo na pua, akaminya. Kifua kikapanda. Mungu si wa mmoja, mtoto akalia.

"Hivi ndivyo nilivyokufundisha?"

Mwanafunzi alirudi nyuma hatua moja. "Ndivyo nilivyoona, sista. Ukifanya, sisi tuko nyuma yako. Tunaona mgongo tu."

"Na nilipouliza mmeelewa?"

"Nani angethubutu kusema hapana?"

Mkunga alimfunika mtoto, akarudi kwa mama, ambaye damu yake ilikuwa imekata.

Jioni aliingia kwa jirani, mtandio umekaa upande. "Mwalimu, mtoto wa watu nusura afe kwa mafundisho yangu!"

"Kaa, unywe maji. Kazi unaijua. Kufundisha hakuna aliyekufundisha. Tafuta mwanasesere. Waweke wanafunzi mbele yako. Fanya polepole, kimya, waone. Rudia, safari hii ukieleza. Halafu wao wakueleze, wewe ufanye wanachosema. Mwisho wafanye wao, na mikono yako iweke nyuma. Usiulize 'mmeelewa?' Sema, 'nionyeshe.'"

"Na wakikosea?"

"Wakosee kwa mwanasesere. Huyo hana mama."

Kesho yake mkunga aliweka mwanasesere mezani, akasema, "Nionyesheni." Alishtuka upya. Karibu wote walikosea, hata wale waliokuwa wakiitikia ndiyo kwa sauti kubwa. Akameza ukali wake, akaanza mwanzo. Wakarudia kila asubuhi, mpaka kila mmoja akaweza.

Kisha akazaliwa mtoto mwingine asiyepumua. Mwanafunzi yuleyule alisogea mezani. Mkunga alisimama karibu, mikono nyuma, anaomba kimoyomoyo.

"Kidevu juu kidogo," mwanafunzi alisema. "Barakoa imebana. Naminya, naachia. Kifua kinapanda."

Wanafunzi wapya wawili walikuwa wamejipanga nyuma yake. Bila kuinua macho, akawaambia, "Msikae mgongoni kwangu. Njooni huku, muone."

Mtoto alipiga kelele, wodi nzima ikasikia.

Mkunga alimtazama mtoto, akamtazama mwanafunzi. Akafuta macho kwa kiwiko, akafungua mlango, akatoka, akamwachia kazi.