Goti la Shemeji

Walikutana kwenye foleni ya eksirei, na kilichowakutanisha ni goti. Mwanamume alikuwa winga wa miaka ishirini na miwili, magongo kwapani, suruali imekatwa mguu mmoja. Binti alikuwa mtaalamu wa viungo, koti jeupe limenyooka kwa pasi, raba za bluu miguuni.

Picha ilipotoka, binti akaiinua kwenye mwanga. "Nani alikuruhusu kucheza na goti hili?"

"Kocha aliagiza nichomwe sindano ya ganzi. Ilikuwa fainali, dada."

"Basi pole, kaka. Mpira umekwisha. Kafundishe wengine."

Winga alilia palepale bila haya. Jamani, mapenzi mengine huanzia pabaya! Ikaja miezi ya kunyooshwa mguu, na simu kila asubuhi.

"Umefanya mazoezi leo, mvivu wangu?"

"Nimefanya, daktari wa moyo. Njoo ukague."

Akawa kocha wa timu ya daraja la pili, filimbi shingoni, akichechemea. Mdogo wa kiume wa yule binti akawa winga wake: uwanjani alimwita Kocha, nyumbani Shemeji. Harusi ikapangiwa tarehe.

Wiki ya mechi ya kupanda daraja, kijana huyo akaumia goti.

"Wiki tatu asiguse mpira," binti alisema kwenye simu. "Niahidi, mpenzi."

"Nakuahidi, roho yangu."

Dakika ya sabini walikuwa sare. Kijana akamgeukia kocha wake pale benchi. "Kocha, nichomwe tu, nitafunga." Na mtu huyu, anayejua fika sindano ile ilimfanya nini, akamwita daktari wa timu! Kijana akafunga kweli. Timu ikapanda, yeye akatolewa kwa machela.

Kocha alikaa kwenye benchi, palepale penye foleni ya eksirei walipokutana, nyasi zimemganda suruali. Binti akatoka wodini, macho mekundu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Asiyejua ningemsamehe. Wewe ulijua."

"Na harusi?"

"Harusi gani? Nikae na wewe, nimtazame mdogo wangu kwa macho gani?" Akafungua mlango wa wodi. "Ingia. Mimi nimeshindwa kumwambia. Mwambie wewe, kwa maneno yaleyale niliyokuambia."

Kijana alikuwa amelala, mguu umeinuliwa, anacheka. "Shemeji! Tumepanda! Narudi lini uwanjani?"

Kocha akavuta kiti. Alitamani kufa.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Mpira umekwisha."

Yale mengine, ya kufundisha wengine, yalimshinda. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.